Kidole Gumba cha Mwenye Gari

Kwa ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa misumari dukani kabla hawajalisoma, nawavusha haraka.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Miaka kumi na sita nimekaa kiti cha pembeni nikiwaambia watu waachie klachi taratibu. Shule iliyoniajiri ikafungwa, nikapewa kiinua mgongo, nikakinunulia gari lililotumika ili nifungue shule yangu mwenyewe. Aliyeniuzia nilimpa jina la Suti, maana siku zote tatu tulizoonana alivaa suti ileile na tabasamu lilelile. Alisema gari ni la kaka yake, na kaka yake anaumwa kidogo.

"Kidogo" hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Mliniacha dirishani, ofisi ya usajili wa magari. Karani alisoma mkataba wangu, akasoma kadi ya gari, kisha akauliza, "Mwenye gari yuko wapi?" Nikasema anaumwa. Akanirudishia karatasi zote. "Aje yeye, au wakili athibitishe kwamba huyu mtu aliridhia kuuza. Bila hivyo jina halibadiliki."

Nikampigia Suti pale pale. Simu haikuita.

Msomaji mmoja ameniandikia ukurasa mzima kunifundisha ununuzi. Gari likaguliwe na fundi wako, si wa muuzaji. Namba ya chasisi ilinganishwe na ya kwenye kadi. Uulize ofisini kama halijawekwa rehani. Muandikishane mbele ya mashahidi, ulipe kupitia benki. Dada yangu, asante, lakini hayo yote nilifanya. Fundi wangu alilala chini ya gari hilo asubuhi nzima. Namba zilikuwa sawa, rehani haikuwepo, mashahidi walikuwa wawili.

Kimoja tu niliruka. Sikumwona mwenye gari kwa macho yangu. Nilionyeshwa alama ya kidole gumba chake, ya wino wa bluu, chini ya mkataba. Nikaridhika nayo.

Nyumbani nilimweleza mume wangu, Baba Pacha. Yeye ni fundi wa kuchomelea, na ndiye aliyekuwa amefunga breki na klachi ya pili upande wa mwalimu, na kibao cha "Shule ya Udereva" juu ya paa.

"Nenda kwa mwenyewe," akasema. "Mweleze ukweli wote."

"Na akisema hakuuza?"

"Basi hakuuza."

"Rahisi kwako. Pesa si zako."

Aliniangalia kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Siku mbili nimelala chini ya gari hilo. Nimekuambia neno la maana, wewe unanitukana."

Nikaondoka bila kumuomba radhi. Hilo nalo naungama, ingawa ni dogo kuliko yanayofuata.

Anwani ilikuwa kwenye kadi. Gari nililiacha mitaa miwili nyuma, nikaenda kwa miguu, nikagonga geti la bati lililopakwa rangi ya kijani. Akafungua mama wa makamo, mikono imejaa povu la sabuni. Kabla sijatoa salamu, uso wake ukachangamka.

"Wewe ndiye wa mazoezi? Kutoka hospitali? Wiki ya tatu tunawasubiri!"

Nilikuwa na ukweli wangu mdomoni, tayari kabisa. Ningeusema, labda leo nisingekuwa na cha kuwaandikia.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ndiye mimi. Samahani kwa kuchelewa."

Akanishika mkono na povu lake, akaniingiza ndani.

Mwenye gari alikuwa amelala sebuleni, kwenye kitanda kilichosogezwa dirishani. Zamani alikuwa fundi saa. Ukutani zilining'inia saa, tisa kwa hesabu, kila moja ikisema lake, kwa sababu aliyekuwa akizirekebisha alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa. Ulimi ulikuwa umefungwa. Macho yalikuwa mazima, na yalinifuata kutoka mlangoni hadi kwenye kiti.

"Anasikia?" nikauliza.

"Kila kitu," mke wake akasema. "Sema naye vizuri tu, anasikia."

Akaniletea chai. Akanieleza bila kuulizwa kwamba walikuwa na gari, ndilo lililokuwa likimpeleka mumewe mazoezini; jirani alikuwa akiwaendeshea. Halafu shemeji yake, mdogo wa mumewe, akalichukua kulipeleka kwa fundi.

"Mwezi wa pili sasa," akasema. "Simu yake haishikiki. Sasa siku ya hospitali namweka kwenye kiti cha magurudumu nasukuma mpaka barabara kubwa. Nikifika mikono haifungi." Akacheka kidogo, akavifunua viganja vyake nione. Vilikuwa vimechubuka.

Nikanywa chai yake, ikashuka vizuri tu.

"Huyo mdogo wake, mzee alimlea tangu akiwa mtoto wa miaka minne," akaongeza. "Alimsomesha kwa hizi saa. Mimi nikisema neno baya juu yake, mzee anageuza uso."

Neno hilo nililiokota, nikaliweka mfukoni.

Alipotoka kuanika mashuka, niliinama nikauchukua ule mkono mzima, wa kushoto, nikaanza kuukanda kama niliyesomea. Nikamwambia sikioni:

"Mzee, mimi si wa hospitali. Mimi ndiye niliyenunua gari lako. Mdogo wako ameniuzia. Kama hukuridhia, huo ni wizi na kughushi, na mtu anafungwa. Umesikia? Anafungwa, tena miaka. Lakini atakuja mtu hapa kukuuliza kama uliridhia. Ukiulizwa, tikisa kichwa juu, chini, kwamba ndiyo. Ukitikisa, mdogo wako amepona."

Macho yake yalinikazia. Vidole vyake vikanibana. Nikadhani ni misuli ya ugonjwa, nikavikunjua kimoja kimoja, nikaendelea.

"Tikisa kichwa, mzee."

Akatikisa.

"Tena."

Nilirudi kesho yake, na siku ya tatu. Kila mke wake alipoenda uani, nilianza somo. Nilimfundisha kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu: nauliza, anajibu; akichelewa, narudia. Uliridhia? Kichwa. Ulimtuma mdogo wako? Kichwa. Kidole gumba ni chako? Kichwa. Alipochoka nilimwinua kidevu kwa kidole changu na kumshushia mwenyewe, juu, chini, juu, chini. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo. Nikayafuta kwa leso yangu, mke wake akaingia akaniona nikiyafuta.

"Mungu akubariki," akaniambia. "Wengine wanamwona kama gogo."

Kila siku alinibanabana mkono, na kila siku nilivikunjua vile vidole.

Siku ya nne nikaenda kwa wakili. Huyu sikumdanganya, ila sikumwambia yote. Mzee mmoja mwembamba, ofisi yake chumba kimoja juu ya duka la vioo, miwani imefungwa uzi. Alisoma mkataba mara mbili.

"Aliyekuuzia hakuwa mwenye gari," akasema. "Na mtu hakupi asichokuwa nacho. Hata uwe umelipa benki mbele ya mashahidi ishirini."

"Ina maana nimekwisha?"

"Kuna mlango mmoja. Mwenyewe kama ana akili timamu, anaelewa anachoulizwa, na kweli alimtuma mdogo wake, basi mauzo ni halali. Hata akijibu kwa ishara, nitaiandika ishara hiyo mbele ya mke wake na mashahidi. Lakini kama hakuridhia, gari ni lake na unalirudisha. Wewe utabaki kumdai aliyekuuzia."

"Hapatikani."

"Utamdai akipatikana." Akavaa koti. "Na kwa nini hukumtaka mwenyewe mapema, siku ya kwanza kabisa, umwone na kitambulisho chake mkononi? Mimi mtu akiniambia kaka yake anaumwa, ndipo ninapotaka kumwona zaidi."

"Aliniambia anaumwa kidogo."

"Ndiyo ungeenda kumpa pole."

Tukaenda, yeye, karani wake wa kike kama shahidi, na mimi. Safari hii nilikwenda na gari. Wakili alisema lazima lionekane.

Mke wa mzee alifungua geti lote, nikaingia uani taratibu, nikaegesha pua ikiwa imeelekea ukuta wa nyumba. Mzee alikuwa barazani kwenye kiti chake cha magurudumu, amefunikwa shuka miguuni. Alipoliona gari, mdomo wake uliopinda ukafunguka, akatoa sauti. Haikuwa neno.

Mama yule alilizunguka gari lote. Akapapasa mlango ambao rangi ilikuwa imekwaruzika. Akachungulia ndani, akaona klachi mbili na breki mbili. Akainua macho akasoma kibao.

"Kumbe nesi ana gari," akasema.

"Mama, mimi si nesi."

"Nimeona."

Nilitaraji kelele. Nilitaraji kofi. Alivuta mikeka miwili ya kukalia, akawakaribisha wakili na karani, akaingia ndani, akatoka na glasi za maji. Mbili. Mimi nikabaki nimesimama.

Wakili akajitambulisha, akaeleza jambo lililomleta kwa heshima zote. Akachutama mbele ya kiti.

"Mzee, shikamoo. Nitakuuliza. Ulimruhusu mdogo wako auze gari hili?"

Mzee akanitazama. Akatikisa kichwa juu, chini.

Karani akaandika.

"Na kidole hiki kwenye mkataba ni chako?"

Juu, chini.

"Uliweka kwa hiari yako?"

Juu, chini. Nikaanza kuliona darasa langu la kwanza la Jumatatu.

Wakili akapangusa miwani. Bila kubadili sauti, akauliza, "Na mimi, mzee, ndimi mama yako mzazi?"

Juu, chini.

Kalamu ya karani ikasimama.

"Leo tuko mwezini?"

Juu, chini. Jasho lilimtoka mzee. Macho yake yalikuwa kwangu, kama mwanafunzi aliyekariri jibu na kuona uso wa mwalimu haujafurahi.

Wakili akasimama polepole, magoti yakalia. "Nani amemfundisha huyu mtu kuitikia kila kitu?"

Mke wake akasema, kwa upole ambao bado unaniuma, "Nesi. Siku tatu. Mimi nilikuwa naona kwa dirisha anamwinua kidevu, nikajua ni mazoezi ya shingo."

"Funga faili," wakili akamwambia karani. Hakuniangalia. "Kichwa hiki hakithibitishi kitu tena."

"Ana akili!" nikasema. "Mama, wewe mwenyewe umeniambia anasikia kila kitu!"

"Anasikia," akasema yule mama. "Ila kichwa si jibu lake. Hospitali walitufundisha tangu siku za kwanza. Anajibu kwa mkono wa kushoto. Kubana mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana."

Siku tatu nilikuwa nimeushika mkono ule. Siku tatu mzee alikuwa akinijibu, nami nakunjua vidole vyake kimoja kimoja.

Alinibana mara ngapi? Wasomaji wangu, sikuhesabu.

"Basi muulize wewe," wakili akamwambia. "Mimi nitaandika."

Mama akapiga magoti, akauchukua mkono wa mumewe akauweka ndani ya mikono yake iliyochubuka. Mimi nilikuwa upande wa kushoto, nimesimama, naona vizuri. Wakili alikuwa ameinamia karatasi akiandika saa na tarehe.

"Baba," akasema, "ulimpa mdogo wako gari auze?"

Vidole vikakaza. Mara moja. Vikatulia.

Nilisubiri. Vilibaki vimetulia.

Mama akainua uso. Alikuwa mweupe kama aliyepakwa majivu. Nilijua amesikia alichosikia: mumewe alikuwa ameuza gari lake kwa hiari yake, kumpa mdogo wake, bila kumwambia yeye anayemsukuma mpaka barabara kubwa.

"Hapana," akasema. "Amesema hapana."

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Amebana mara moja! Wakili, nimeona kwa macho yangu, mara moja tu!"

"Mimi nilikuwa naandika," wakili akasema. "Na wewe, mama wa udereva, katika nyumba hii umeshasema uongo wa siku tatu." Lakini alikuwa mtu wa haki. Akaweka kalamu chini, akasogea. "Aulizwe tena. Nione mwenyewe."

Mama akavuta shuka, akamfunika mumewe vizuri miguu. Akamsogelea sikioni, lakini alisema kwa sauti ambayo sote tulisikia.

"Baba, maji yako ya kuoga yako jikoni, yanachemka. Tukimaliza hapa nakuogesha, nakubadilisha, halafu nakulisha. Mdogo wako hayupo wa kufanya hayo. Niko mimi. Umenielewa?"

Wakili akakunja uso, lakini lilikuwa neno la mke kwa mume. Angemkataza vipi?

"Sasa nijibu. Ulimpa mdogo wako gari auze?"

Mzee alimtazama mkewe muda mrefu. Chozi lilimtoka jicho la upande mzima. Vidole vikakaza. Vikalegea.

Vikakaza tena.

"Mbili," wakili akasema. "Nimeona mwenyewe. Andika."

Karani akaandika. Nikasikia kalamu ikikwaruza kiinua mgongo changu chote.

Ningekuja siku ile ya kwanza, nikasema "mimi ndiye niliyenunua gari", mke wake angemuuliza mbele yangu kabla hajapata la kuficha. Angebana mara moja. Ningeondoka na gari langu mchana kweupe.

"Funguo," wakili akasema, mkono umenyooshwa. "Gari linabaki hapa. Wewe na mimi tunakwenda polisi kuandikisha malalamiko dhidi ya aliyekuuzia. Mkataba unao, stakabadhi ya benki unayo, mashahidi unao. Kesi yako ipo, lakini ni dhidi ya yule. Si dhidi ya hawa."

"Nichukue vitu vyangu kwanza," nikasema. "Vitabu vya alama za barabarani."

"Chukua."

Nikashuka barazani. Nakumbuka jua lilikuwa kali, na bodi ya gari ilichoma mkono. Nikafungua mlango wa dereva. Vitabu vilikuwa kiti cha nyuma. Mimi nikakaa mbele.

Sikupanga. Naapa sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye ufunguo, gari likawaka. Geti lilikuwa bado wazi. Wakili akasimama, miwani ikamdondoka na uzi wake.

"Zima gari! Ukitoka nalo sasa umeliiba wewe! Unasikia? Mpaka dakika hii ulikuwa mnunuzi!"

Nikashusha breki ya mkono. Nikatia gia ya kurudi nyuma.

Ndipo niliposikia magurudumu. Mama alikuwa ameshashika kiti cha mumewe, anakisukuma kushuka kwenye njia ya mteremko ya saruji waliyomjengea, mbio, shuka likiburuta. Hakunijia mimi. Alipita ubavuni mwa gari bila kunitazama, akazunguka, akakisimamisha kiti katikati ya geti, nyuma yangu kabisa, mgongo wa mzee ukiwa barabarani na uso wake kwangu. Akakanyaga vizuizi vya magurudumu, kushoto, kulia. Vikalia *tap*, *tap*.

Kisha akamwacha. Akasogea pembeni, akaegemea ukuta, akakunja mikono yake iliyochubuka kifuani.

"Mama, mtoe huyo mtu hapo!" wakili akapiga kelele. "Mmekuwa wazimu nyote wawili?"

Yule mama alikuwa akiongea na mimi, kwenye kioo cha pembeni, na sauti yake ilikuwa ileile ya kunikaribisha chai.

"Kila mtu hapa ana shida na gari. Wewe na gari lako, yeye na mdogo wake. Mimi nimechoka. Rudi nyuma, mwalimu."

Kwenye kioo cha kati niliona uso wa mzee, umejaa kioo chote. Ua lile lina mteremko kuelekea getini. Mguu wangu wa kulia ulikuwa juu ya breki, na gia ilikuwa bado ya kurudi nyuma.